Masega ya Gari la Mama Shivani

Kihonda, Morogoro
Jumapili, 4 Mei 2025

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Shamsia,

Shikamoo, Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia na miguu haikusumbui kwa baridi ya huko juu. Nisalimie majirani wote, na yule jogoo wako mkorofi kama bado hujamchinja. Sisi huku tukiulizwa na watu tunasema hatujambo. Lakini wewe ni mama yangu, sitakuficha: naogopa. Nimeogopa wiki tatu mfululizo, naogopa nikila na naogopa nikifanya kazi, na hata sasa nimeshachana karatasi mbili za daftari nikaanza upya.

Faraja hajambo? Anakula vizuri? Analalamika kichwa? Nakuuliza kwa kalamu kwa sababu nikikuuliza kwa simu unanijibu kwamba mtoto yuko salama kuliko alikotoka, kisha unakata. Mwambie baba yake anamsalimu na anamuwaza.

Utashangaa nimeandika barua wakati simu ipo. Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza ulikata nilipotaja jina la Yasmin. Mara ya pili alipokea Mjomba Mikidadi, akasema maneno yote yasubiri kikao cha Ijumaa. Mara ya tatu ulinisikiliza vizuri tu, Mama, na mimi ndiye niliyeshindwa; nikaishia kukuuliza habari za mvua. Basi barua hii nitampa Mwalimu Scholastika, ambaye alikuja mjini kwa daktari wa macho na kesho anarudi Kinole kufundisha. Nimemwomba akuwekee mkononi mwako wewe mwenyewe. Vaa miwani yako uisome peke yako, na tafadhali usome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu yeyote.

Kikao najua ni cha nini, Mjomba hakunificha. Ijumaa baada ya swala nifike Kinole na talaka ya Yasmin ikiwa imeandikwa na kusainiwa, na Faraja abaki kwako moja kwa moja, kwa sababu mwanamke aliyemlisha sumu mama mkwe wake na binti yake wa kumzaa haachiwi mtoto. Nisipokuja nayo, mimi si mwanao tena, na siku ukifa nisisogee kaburini. Mjomba alisema maneno hayo ni yako. Nimeyabeba kifuani tangu Jumatano, na kila pikipiki ikisimama mlangoni moyo unaruka, nadhani umetuma mtu aje kuniambia umeamua hata kabla ya Ijumaa.

Kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, acha nikueleze kazi niliyokuwa nayo wiki ile ulipokuja kututembelea. Usiseme nazunguka. Bila hiyo hutanielewa.

Unajua mimi ni fundi wa ekzosi, lile bomba linalotoa moshi kutoka kwenye injini mpaka nyuma ya gari. Katikati ya bomba hilo kuna kopo la chuma, na ndani ya kopo kuna kitu chenye vitundu vidogo vidogo vingi, ndiyo maana mafundi tunakiita masega. Kazi yake ni kuusafisha moshi kabla haujatoka. Masega yakiziba, gari linabanwa pumzi. Kilima kidogo tu linalia na haliendi. Gari la Mama Shivani lilikuwa na ugonjwa huo. Mama Shivani ni Bi Jayshree, yule Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini, tulikokununulia kitenge cha Idi.

Huku mjini mwenye gari hamwachii fundi gari lake hivi hivi. Analileta, anavuta kiti, anakaa hapo hapo mpaka bolti ya mwisho ikazwe, kwa sababu akigeuka kidogo tu spea yake nzima imetoka na mbovu ya mtu mwingine imeingia. Na katika hao wanaokaa, Mama Shivani alikuwa bingwa. Miaka minne namtengenezea gari, na miaka yote minne amekaa kwenye kigoda chake cha kukunja, chupa ya chai miguuni, akiniuliza kila spana ni ya nini. Lakini Ijumaa ile alifiwa na ndugu yake Dar es Salaam. Akaja mbio gereji na masega mapya ndani ya boksi, akanipa ufunguo, akasema atarudi Jumatatu na kwamba mimi ananiamini. Wenzangu walinitania mchana kutwa kwamba nimepandishwa cheo. Na mimi kichwa kikavimba kweli.

Nikaanza kazi baada ya swala. Masega ya zamani yameshikwa na kutu, hayasogei. Nikaloweka bolti kwa mafuta, nikazipasha moto, nikavuta. Moja ikatoka. Ya pili ikakatika, nusu ikabaki ndani. Fundi mwenye akili zake hapo anatulia, anakitoboa kile kipande kwa drili polepole, anaweka bolti mpya, hata kama kazi italala mpaka kesho. Mimi nilikuwa na haraka. Wewe ulitaka kurudi Kinole Jumamosi, mvua za masika zimekaza, na kila nilipokufikiria juu ya pikipiki na kifua chako hicho nilikuwa nasikia vibaya. Nilitaka mama yangu apande mlima amekaa kwenye kiti, mlango umefungwa, kama akina mama wengine.

Kwa hiyo nikayapachika masega mapya kwa bolti moja. Upande wa pili nikafunga waya. Gasketi mpya, ile pete inayoziba maungio ya bomba, haikukaa vizuri bila bolti ya pili, nikarudishia ya zamani iliyokwisha kuliwa. Maungio hayo ni ya mbele, kabla moshi haujaingia kwenye masega, pale unapotoka ukiwa mbichi kabisa. Ilikuwa kazi ya kushikiza tu, nilijiambia Jumapili nitaimaliza. Na kuna kitu kingine. Masega yana sensa, kidude cha kupima moshi, na waya wa sensa unapita kwenye tundu sakafuni, chini ya zulia la kiti cha mbele cha abiria. Tundu hilo huzibwa na mpira. Sensa nilikuwa sijairudisha, na mpira wake niliutia kwenye mfuko wa ovaroli. Ovaroli nikaliacha gereji limetundikwa.

Mama, gari lile hakuniazima. Nilikuambia kwamba Mama Shivani mwenyewe kasema nikupeleke nalo, na wewe ukafurahi hadi ukawapigia simu watu wa Kinole kwamba mwanao kaaminiwa gari na Mhindi. Haikuwa kweli. Sisi mafundi tuna tabia hiyo, gari la mteja likiwa mikononi mwetu tunasema tunalijaribu, na kulijaribu huko kunafika harusini, kunafika sokoni. Mimi nililijaribu mpaka Uluguru.

Usiku wa kuamkia safari ulizozana na Yasmin. Ulitaka Faraja akae kwako mpaka atakapoanza shule, Yasmin akasema mtoto wa miaka minne bado mdogo kukaa mbali na mama yake. Mlirushiana maneno, mkanuniana, na mwishowe akakubali aende wiki mbili. Asubuhi alikupikia mihogo ya nazi na chai ya tangawizi kwa sababu anajua unaipenda, na nadhani ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba yaishe. Ulikula vizuri. Faraja alikataa sahani yake akala kwenye yako. Mimi sikutia kitu mdomoni, nilikuwa nimewahi gereji kuchukua gari kabla wenzangu hawajafika.

Hayo ndiyo yaliyomfunga Yasmin. Wewe na Faraja mlikula mkaugua, mimi sikula na sikuugua, tena usiku mlikuwa mmegombana. Hata hakimu wa mahakama angelitazama jambo hilo akaona halina maswali.

Sasa safari yenyewe. Tukapita mjini, tukapita Bigwa, mvua ikaanza. Ulikaa mbele na Faraja mapajani. Kabla ya kufika Kiroka gari lilianza kupuliza, pufu, pufu, pufu, kila nikikanyaga mafuta. Nilijua ni maungio yale. Nikaongeza sauti ya redio. Ulisema unasikia harufu, ukaniuliza ni ya nini, nikakujibu kwamba chuma kipya kikipata moto kinanuka hivyo, na ni kweli kinanuka hivyo, lakini haikuwa hiyo. Ulisema unasikia baridi, nikapandisha vioo vyote ila changu nilichokiacha wazi vidole viwili. Nikawasha kipasha joto, nikazuia hewa ya nje isiingie, upate joto haraka. Ulinishukuru. Ulisema leo nimekufanya mtu.

Utakumbuka tulivyoikuta foleni pale penye kona, baada ya kuiacha njia kubwa. Lori la ndizi limezama kwenye tope, limekaa upande, na ukungu umeshuka hivi kwamba huoni bonde. Vijana waliokuwa wanalisukuma walinipigia mayowe nishuke nisaidie. Nikashuka. Nikaliacha gari linaunguruma ili msisikie baridi, na nikakipandisha kioo changu nacho ili mvua isiingie. Ninyi wawili mlibaki ndani. Tulisukuma karibu nusu saa. Mara mbili niligeuka nikatazama, nikaona kioo kimejaa mvuke, nikafikiri mmelala, na nikafurahi kwamba mmelala.

Niliporudi nilifungua mlango wako kwanza. Kichwa chako kilikuwa kimelalia kioo, kikafuata mlango, ningechelewa kukudaka ungeanguka kwenye tope. Nilikuita hukujibu. Faraja alikuwa amelegea mapajani kama nguo iliyofuliwa, na midomo yake ilikuwa myekundu, mizuri, myekundu kupita kawaida. Mama, sijawahi kuogopa namna ile, hata siku tuliyompoteza Baba. Nilimtoa mtoto nikamlaza kwenye majani mvuani, nikarudi nikakuvuta wewe kwa makwapa, kanga yako ikabaki mlangoni, na vijana wa lori wakaja mbio. Nilikuwa napiga kelele kitu ambacho hata mimi sikukijua. Kisha Faraja akatapika. Sijui kama kuna baba mwingine aliyewahi kushukuru mtoto wake kutapika vile. Wewe ulifumbua macho baadaye kidogo, ukasema kichwa, kichwa, ukayafumba tena.

Vijana wale walitupandisha kwenye lori lao lililokwisha kunasuka, wakatufikisha zahanati. Yaliyosemwa zahanati nitayafikia, usidhani nayakimbia. Jioni mlikuwa mmekaa, mnakunywa maji, na watu wa Kinole wamejaa mlangoni. Nami nikarudi kulifuata gari pale kwenye kona, nikashuka nalo mpaka Kihonda vioo vyote viko chini, mvua inanipiga usoni njia nzima.

Jumapili nililitengeneza gari lile. Nilitoboa kipande cha bolti kwa drili, nikaweka bolti mbili mpya na gasketi mpya, nikarudisha sensa, nikaliziba tundu kwa mpira wake. Kisha nikaliwasha, nikapitisha karatasi nyembamba ya sigara kwenye maungio yote nione kama inapeperuka. Haikupeperuka. Nilirudia mara tano, na hata hivyo Jumatatu Mama Shivani alipolichukua nilimtazama anaondoka, kisha nikampigia kumuuliza kama amefika.

Habari za huku nyumbani hazijakufikia, acha nikupe. Siku uliposema kwamba umelishwa, mama mdogo wa Yasmin alikuja kumuuliza usoni. Yasmin hakubishana. Alitoa sufuria ya mihogo iliyobaki, iliyokuwa imeshaanza kuchacha, akakaa kizingitini akaila yote, na majirani wanamwangalia. Hakuugua. Ukaambiwa, ukajibu kwamba mwenye sumu hakosi dawa yake. Tangu habari ziteremke huku, vitumbua vyake haviuziki. Alikuwa anamaliza ndoo nzima kabla ya saa mbili asubuhi. Sasa ndoo inatoka imejaa na kurudi imejaa, na wiki iliyopita ameacha kuvipika kabisa. Watoto wa jirani wamekatazwa kunywa maji kwetu. Na yeye mwenyewe ameanza kuiogopa mikono yake. Anaosha mchele mara sita. Mara nyingi ameniuliza kama huenda mihogo ile ilikuwa ya aina chungu na hakuijua, kama huenda amewalisha sumu mwanawe na mkwewe bila kukusudia. Mara nyingi nimemjibu aache kuwaza.

Kilichowaangusha si mihogo, Mama. Ni moshi. Unajua kwamba jiko la mkaa likifungiwa chumbani watu wanalala wasiamke. Moshi wa injini una sumu ile ile. Ulitokea kwenye maungio niliyofunga kwa waya, ukapanda kwenye tundu nililoliacha wazi chini ya miguu yako, ukajaa ndani ya gari nililowafungia vioo kwa mkono wangu. Mimi nilikuwa nje nikisukuma lori, ndiyo maana sikuugua. Yasmin hana hatia hata ya chembe moja ya chumvi.

Ningependa kuishia hapo. Ningekuwa fundi mzembe aliyekosea, na mtu akikosea husamehewa. Lakini kuna lililobaki, na ndilo lililonifanya nisiweze kukuambia kwa simu.

Pale zahanati, ulipokuwa umelala kwenye kitanda cha pembeni umefumba macho, tabibu alinivuta kando. Alinitazama vizuri, akaniuliza kama mlikuwa mmekaa mahali penye moshi, kama kulikuwa na jiko la mkaa ndani. Alikuwa amekwisha kukaribia, Mama. Lilibaki neno moja tu kutoka kwangu. Na mimi nilijua. Nilijua tangu nilipofungua mlango na ile hewa ya moto ikanipiga puani. Lakini nikaona gari la watu lililoko barabarani bila ruhusa ya mwenyewe, nikaona polisi, nikaona pingu, nikaona watu wa Kinole wakisema mtoto wa Shamsia kataka kumuua mama yake kwa gari la kuiba. Nikasema hakuna moshi. Akauliza basi ni nini. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba labda ni chakula, wamekula mihogo asubuhi, mimi sikula.

Ulikuwa umefumba macho lakini ulisikia. Ulipoamka jina la kwanza ulilotaja ni Yasmin. Na tangu siku ile Kinole yote inasema daktari kasema ni chakula. Daktari hakusema. Nilisema mimi. Neno hilo halikutoka kwako, wala kwa Mjomba, wala kwa majirani. Mlilipokea kutoka kwangu, nami nikakaa wiki tatu nikiwatazama mnalifanyia kazi.

Alhamisi nilikwenda dukani kwa Mama Shivani nikamweleza yote. Alikuwa anapima kitambaa. Aliendelea kupima mpaka nikamaliza. Kisha akauliza mtoto yukoje. Nikamwambia yuko hai. Akasema nimshukuru Mungu, na kwamba gari lake nisiliguse tena maisha yangu yote. Mwenye gereji ameniambia nipumzike kwanza nyumbani. Nimeyapokea yote mawili, na sina neno na mtu.

Jioni ile ile nilimwambia Yasmin. Nilianza na habari ya gari. Aliposikia kwamba ni moshi alikaa chini akalia kwa sauti, akamshukuru Mungu kwamba si mkono wake, akanishika kichwa changu akasema tutakwenda Kinole pamoja, tutakueleza, utaelewa. Alikuwa amekwisha kunisamehe, Mama, kabla hata sijaomba. Ndipo nikamweleza ya zahanati. Mikono yake ikatoka kichwani kwangu. Aliniuliza swali moja tu, kama siku zile zote alipokuwa ananiuliza kuhusu mihogo nilikuwa najua. Nikasema nilikuwa najua. Aliinuka, akaosha sufuria iliyokuwa imelowekwa, akaifunika, akakunja nguo zake na vigauni vya Faraja vilivyobaki. Sasa yuko kwa wazazi wake upande wa Mazimbu. Amesema ile talaka unayoitaka wewe, hata yeye anaitaka, na kwamba hilo ndilo jambo la kwanza ambalo ninyi wawili mmewahi kukubaliana.

Kwa hiyo Ijumaa nitakuja, na talaka nitakuja nayo, lakini msomewe na sababu yake. Nitasimama mbele ya Mjomba na watu wote niseme niliyoyaandika hapa. Kama ukiona naanza kuuliza habari za mvua, mpe Mjomba barua hii aisome kwa sauti. Usiichome kwa kunionea huruma. Nakuomba pia umpeleke Faraja, na wewe mwenyewe uende, hospitali kubwa, kama kuna kichwa kinachouma bila kuisha au usahaulifu, na daktari aambiwe ukweli kwamba mlivuta moshi wa gari. Hilo ndilo linalonitisha kuliko kikao na kuliko polisi. Sijui moshi ule umewaachia nini, kwa sababu mtu pekee aliyetaka kuwatibu nilimdanganya.

Jambo moja halisubiri Ijumaa. Yasmin atafika Jumatano asubuhi na kaka yake kumchukua Faraja. Usimzuie. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, wewe mwenyewe ndiwe uliyenifundisha, na Mjomba anajua hivyo zaidi yangu. Yasmin ameniagiza nikuambie kwamba atakuja mikono mitupu. Hataleta sukari, hataleta unga, hataleta hata kipande cha sabuni, na wewe usimtengee kiti wala usimpe maji. Atasimama uani mpaka mtoto aletwe. Anaogopa kugusa kikombe chako, Mama, asije mtu akaugua tena. Mkaribishe ndani. Mshike mkono wewe kwanza, yeye hatathubutu.

Nisalimie Mjomba Mikidadi na wote wanaoniuliza. Kila barua na kila simu yangu kwako huwa namalizia kwa kusema kwamba mkweo anakusalimu sana, na nilikuwa nasema hivyo hata siku asizonituma. Leo sisemi, kwa sababu hakunituma salamu.

Mimi mwanao,
Halidi